Baba Hayumo kwenye Skrini Ndogo

Jumamosi, 1 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata mama: mara nyingi nimetamani baba mdogo ndiye angekuwa baba yangu. Nimeliandika na uso umepata moto, lakini sitalifuta.

Baba ni mpiga picha. Studio ni yake. Aliianzisha kabla sijazaliwa, akiwa na kamera moja na pazia la bluu. Ni mtu wa maneno machache, na hata hayo huyatoa kama anayetoa mwiba mguuni. Baba mdogo alifundishwa kazi na baba hapohapo studio, lakini ukiwaona huwezi kudhani wametoka tumbo moja. Yeye akiingia, hata ile feni mbovu ya dari huonekana kama inazunguka. Mimi ananiita Profesa kwa sababu ya vitabu, na akiniita hivyo mbele ya watu sioni haya, ingawa kwa kawaida naona haya hata kuitikia jina langu darasani.

Leo amesema studio lazima iwe na tovuti. Baba akauliza kama hiyo tovuti itashika kamera. Baba mdogo akacheka, akasema siku hizi mteja hatembei kwa miguu, anatembea kwa kidole. Baba akajibu kwamba kidole hakina macho ya kusoma bango. Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe baba alikubali kwa sharti moja, kwamba nami nijifunze kila kitu, nenosiri likiwemo. "Nyumba haiwi na ufunguo mmoja," alisema. Nilifurahi mno hata sikujiuliza kwa nini alisema vile.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Jaribio la hesabu. Viatu havijakauka.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ilipumzika asubuhi, tukapiga picha ya tovuti. Baba mdogo alitaka picha moja kubwa itakayokaa nyuma ya maandishi na kujaza ukurasa wote. Niliipiga mimi, nimesimama ng'ambo ya barabara na kamera kwenye miguu mitatu. Baba aliniambia nirudi nyuma, nirudi tena, mpaka bango lote lililo juu ya mlango liingie. Bango lile ni refu, kwa hiyo wao wawili walisimama mbalimbali: baba kushoto kwa mlango, baba mdogo kulia, mlango wazi katikati. Muuza maji aliyekuwa anapita aliuliza kama wanalinda benki.

Baba amevaa shati lake la kazi. Baba mdogo alikuja na koti. Baba mdogo anatabasamu, baba anaangalia kama natumia mwanga sahihi.

Tuliporudi ndani baba alikuwa na picha za pasipoti za kukata. Anazikata kwa ile mashine ya kisu kirefu, na huwa haongei akiwa amekishika. Leo aliongea. Aliniambia picha kupigwa si kazi, kazi ni kuikata. Usimkate mtu kwenye kiungo: ukimkatia kwenye kiwiko ataonekana amevunjika, ukimkatia shingoni ndiyo umemzika. Kata kati ya kiungo na kiungo. Na kabla hujashusha kisu, jiulize nani atakosekana.

Nilisema ndiyo, lakini nilikuwa namsikiliza baba mdogo akipiga mluzi chumba cha mbele.

Jumapili, 16 Machi

Siku nzuri kuliko zote tangu muhula uanze. Baba mdogo amenifundisha jinsi picha moja inavyovalishwa skrini za kila namna.

Picha kwenye kompyuta ni nukta, maelfu kwa maelfu. Skrini ya studio ni pana; picha yenye nukta chache ukiitandaza humo inafifia, nyuso zinakuwa kama zimeonekana kwenye kioo chenye mvuke. Lakini picha kubwa ukiipeleka kwenye simu inachelewa kufunguka, inakula bando la mteja, naye anaondoka kabla hajakuona. Kwa hiyo unaandaa ukubwa tofauti wa picha ileile, kisha unaiandikia tovuti masharti: skrini ikiwa pana kiasi hiki leta hii, ikipungua leta ile.

Shida ni umbo. Skrini ya kompyuta imelala, ya simu imesimama. Picha yetu imelala. Ukiiambia ionekane yote kwenye simu, inakuwa ukanda mwembamba na juu na chini panabaki tupu. Ukiiambia ijaze skrini yote, lazima pembeni pakatwe. Niliuliza kwa nini tusiache patupu. Baba mdogo akasema patupu ni njaa, mteja akiona patupu anadhani mnafunga.

Basi lazima uchague utaing'ang'aniza picha upande gani usikatwe: katikati, kushoto au kulia. Alikuwa ameshachagua. Kulia. Alisema kushoto ukuta una ufa na kulia mwanga ni bora, na kweli mwanga ulikuwa bora.

Kulia ndiko alikosimama yeye. Niliuliza, "Na baba je?"

"Kaka nitampa ukurasa wake peke yake, Profesa. Skrini nzima, hata kwenye simu. Mzee kama yule humchanganyi na vijana kama mimi. Wewe niandalie tu picha yake, usiniangushe."

Niliandaa. Nimekaa na picha ya baba mchana kutwa. Nilimkata chini ya kifua, mbali na kiwiko, nikaacha nafasi juu ya kichwa kama anavyopenda. Hiyo ya simu, yenye baba mdogo na nusu ya mlango, niliimaliza haraka. Ilikuwa kazi ndogo.

Alhamisi, 20 Machi

Tovuti imefunguliwa. Tuliitazama kwenye kompyuta ya studio: bango lote, mlango, baba kushoto, baba mdogo kulia, na chini yake namba ya studio kwa herufi nyeupe. Mama alikuja na aproni yake ya kazini, akashika mdomo. Baba alisimama mbele ya skrini, mikono nyuma, muda mrefu kama mtu aliyeitwa kutambua mzigo wake. Kisha akasema, "Bango limeingia lote." Kwa baba hiyo ni hotuba.

Kwetu simu janja anayo baba mdogo peke yake. Simu ya baba ni ya vitufe na ile tano haisomeki tena. Ya mama nayo ni hivyohivyo. Mimi sina. Ukurasa wa baba peke yake, baba mdogo amesema, utafuata wiki ijayo.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Niliuliza ule ukurasa. Wiki ijayo.

Jumatano, 2 Aprili

Studio imekuwa kimya. Baba anasema ni mvua, mtu hatoki na nguo za sherehe akapige picha na matope. Baba mdogo haonekani sana. Anasema anahangaika kutafuta wateja huko nje, mtu akikaa ndani hata jua linamkimbia. Amechukua kamera ya pili na taa mbili akazifanyie ukaguzi. Baba alimfungulia mlango na kumsaidia kuzibeba.

Jumamosi, 5 Aprili

Pasipoti mbili tu kutwa nzima. Baba amefuta lenzi ambazo hazikuwa na vumbi.

Ijumaa, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Darasani kwetu kuna msichana tunamwita Kasuku, kwa sababu hata asichokijua atakisema. Leo baada ya masomo mvua ilitubana kwenye baraza la duka la vifaa vya shule, naye alikuwa na simu ya dada yake. Akaniambia dada yake anaolewa na wamempata mpiga picha mtandaoni, mtanashati, halafu anachekesha. Akanionyesha. Alikuwa baba mdogo, na koti lake, na nusu ya mlango wetu.

Nilisema kwa fahari, na mimi huwa sijisifu, kwamba ile ni studio ya baba na picha nimeikata mimi.

Kasuku akatazama simu, akanitazama. "Baba yako yuko wapi hapa?"

Nikamweleza habari ya skrini pana na skrini nyembamba, na ukurasa wa baba unaokuja. Alinisikiliza vizuri, jambo ambalo si kawaida yake, na hilo liliniogopesha zaidi. Kisha akasema, "Sawa, lakini dada alipopiga simu aliambiwa mzee alishastaafu, macho yamekwisha. Pole. Sikujua ni baba yako."

Nikaomba nione namba. Haikuwa namba ya studio.

Nilitembea nyumbani kwenye mvua. Mama aliuliza kama sina akili.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimeona kwa macho yangu.

Baba alikuwa chumba cha nyuma. Nilifungua tovuti kwenye kompyuta ya studio. Wote wawili walikuwepo, namba yetu chini. Nikashika ukingo wa dirisha kwa kipanya, nikaanza kulifinya taratibu, kama baba mdogo alivyonifundisha wakati wa kujaribu.

Kwa kuwa picha imeng'ang'anizwa kulia, inaliwa kutoka kushoto. Ukuta wenye ufa ulitangulia. Ukafuata mkono wa baba, bega, sikio. Uso ulibaki nusu kwa muda, jicho moja likinitazama kama natumia mwanga sahihi. Nikafinya tena, akaisha. Baba mdogo hakusogea hata kidogo. Dirisha lilipofika wembamba wa simu ukurasa ukaruka, ikaja ile picha niliyoikata haraka, na palepale namba ya chini ikabadilika.

Nikalipanua: baba akarudi, namba ya studio ikarudi. Nikalifinya: akaondoka, namba ikabadilika. Sijui nilirudia mara ngapi. Halikuwa kosa. Mtu alikaa chini akaandika sharti: skrini ikiwa ndogo, ficha namba hii, onyesha ile. Skrini kubwa katika maisha ya baba ni moja tu, iliyo mezani pake. Wateja wote wako kwenye ndogo. Tovuti moja, na mbele ya baba inasema jingine.

Nyuma yangu nilisikia kisu cha mashine kikishuka, kikapanda, kikashuka. Nilifunga kompyuta. Sikumwambia. Nilijiambia lazima nimsikilize baba mdogo kwanza, kwa sababu lazima kuna maelezo. Yeye huwa na maelezo.

Jumapili, 13 Aprili

Alikuwa nayo. Nilimkuta kwake akipiga pasi koti. Alicheka, akasema Kasuku wenu huyo angefaa redioni. Alisema ile namba ni ya majaribio tu, alisahau kuiondoa, na la kustaafu ni wateja wenyewe wanakuza maneno. Atarekebisha kabla ya wiki kuisha. Akanishika bega. "Kaka ana presha, Profesa. Usimsumbue kwa mambo ya nukta. Hii ni yetu sisi wawili, wasomi."

Nilitoka mwepesi. Nataka liandikwe kwamba nilitoka mwepesi.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimefinya dirisha. Bado.

Jumanne, 22 Aprili

Bado. Mvua.

Jumamosi, 26 Aprili

Bado. Nilikwenda kwake, hayupo. Jirani anasema yuko harusini, akaongeza kwamba siku hizi mambo yake safi. Nimegundua kitu nilipokuwa narudi: sijawahi kumwona baba mdogo akimkatia mtu picha ya pasipoti. Hupiga, akacheka na mteja, akaondoka. Anayekata ni baba.

Jumatano, 30 Aprili

Jiografia nimepata alama mbaya. Mwalimu aliuliza kama nyumbani kuna tatizo. Nilisema ni mvua.

Jumamosi, 3 Mei

Kuna muuguzi ambaye kila mwaka huja na wanawe kupigwa picha mbele ya pazia la bluu. Baba amewapiga tangu mkubwa akiwa amebebwa. Leo aliingia peke yake, mwavuli unachuruzika, akasimama mlangoni akimtazama baba kama aliyefufuka.

Alisema aliona namba kwenye tovuti, akapiga kuweka siku. Akaambiwa mzee haoni tena, studio ameshika mdogo wake, na sasa inafanyia kazi mahali pengine. Amekuja kumpa pole.

Baba alimshukuru. Akamwuliza hali ya watoto. Akamshika mkono wa mwavuli, akamvusha barabara mpaka ng'ambo, kisha akarudi na kunituma nimwite baba mdogo kwa simu ya studio. Nilimpigia ile namba ya kwenye skrini ndogo. Aliipokea kwa sauti ya biashara, tamu, na jina la studio yetu.

Alifika na koti. Baba hakupandisha sauti. Alirudia tu maneno ya muuguzi, moja baada ya jingine. Baba mdogo alijaribu mzaha, haukushika. Akasema biashara ya sasa haitaki mtu wa kununa, kwamba alikuwa anailinda studio isife, kwamba alikuwa anangoja wakati mzuri wa kumwambia. Baba akauliza, kwenye hiyo simu, yeye yuko wapi.

Na hapo baba mdogo akanigeukia. Alitabasamu lile tabasamu lake la kwenye picha.

"Muulize Profesa. Picha za simu kakata yeye."

Nilidhani nimeshajua uchungu ule siku ya dirisha. Kumbe sikuwa nimeujua. Siku ile alikuwa amemuuza baba. Leo aliniweka mimi mbele yake kama mwavuli.

Alipoondoka, nilimwambia baba yote. Ukurasa ulioahidiwa, Kasuku, dirisha, majuma matatu ya "bado". Nilimwambia nilinyamaza kwa sababu nilimwamini baba mdogo. Nilitaka anifokee. Akasema, "Nionyeshe."

Nikafinya dirisha mbele yake. Ukuta, mkono, bega, sikio, jicho. Akaomba kipanya. Vidole vyake si vizoefu, kikamponyoka, akakishika tena, akajifinya mwenyewe mpaka akaisha, akajirudisha, akajifinya. Kisha akaisogelea ile picha ya simu, akaikagua kwa makini kabisa, kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi.

"Umekata vizuri," alisema. "Hukukata kwenye kiungo."

Akaenda chumba cha nyuma. Sikusikia kisu.

Jumapili, 4 Mei

Nilimwuliza mama kama nikamtukane baba mdogo. Mama akasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nikamwambia mimi sina jembe. Akasema, "Unalo. Yeye alikupa nenosiri akidhani anakufundisha kumtumikia." Akaendelea kukunja nguo.

Jumatano, 7 Mei

Baba mdogo amerudisha taa, bila kamera. Aliziacha mlangoni. Nilimwamkia, kwa sababu ni baba yangu mdogo. Aliitikia. Hakuniita Profesa.

Baba alipoziona alizifuta maji, akaziwasha moja moja kuona kama zina uzima. Nilimwuliza kama nibomoe tovuti yote. Akafikiri, akasema hapana, kidole kimeshazoea njia. Nikauliza ile picha kubwa ya wawili niifanyeje. "Hiyo usiiguse," alisema. "Ilikuwa kweli siku hiyo." Sikukubaliana naye, na sikubaliani hata sasa. Lakini studio ni yake.

Jumamosi, 10 Mei

Leo hakukuwa na mvua. Nilifanya haya.

Nilimwomba baba asimame mlangoni, katikati, peke yake. Aliuliza nani atashika kamera, halafu akakumbuka. Niliigeuza kamera isimame wima, umbo la simu, ili pasiwe na cha kukata. Bango halikuingia lote. Alilalamika, nikamwambia kwenye skrini ndogo lazima uchague. Akanyoosha kola.

Niliandaa picha ile kwa ukubwa wa simu za kawaida na kwa zile zenye nukta nyingi zaidi, nikahakikisha si nzito. Niliingia kwenye tovuti, nikaondoa picha ya baba mdogo upande wa simu, nikaweka hii. Nilifuta sharti la namba, ikabaki namba ya studio kwa kila skrini. Picha pana sikuigusa. Nikabadilisha nenosiri, nikamwambia baba na mama, kila mmoja sikioni.

Kisha nikafinya dirisha, baba amesimama nyuma ya kiti changu. Kushoto aliliwa polepole kama kawaida: mkono, bega, jicho. Ukurasa ukaruka, naye akatokea tena mlangoni, mzima.

Nikazima kompyuta. Nilikwenda chumba cha nyuma, nikavuta kigoda, nikamwomba anipe picha za pasipoti nikate. Alinipa. Alisimama kando mpaka nilipomaliza ya kwanza, kisha akaketi.